Inchi Nne za Delbert Kessinger

Gari letu la atomu halikuwa na injini. Halikuwa na viti wala gia, na milango yake ilikuwa mistari tu iliyochorwa kwa ncha ya kisu. Urefu wake ulikuwa sawa na meza ya kulia chakula nyumbani kwa mama yangu. Lilikuwa mfano. Ndani mbao, juu yake udongo, juu ya udongo rangi ya fedha inayong'aa hadi unajiona meno. Nalijua vizuri kwa sababu tumbo lake lote nililikwangua mimi, Florian Dudek, mchongaji wa daraja la mwisho kabisa katika karakana ya mifano ya kiwanda cha magari huko Dearborn, nikiwa na miaka ishirini na miwili na mdomo wa watu watatu.

Nyuma ya gari tuliweka duara mbili kubwa, moja ndani ya nyingine. Wakubwa walisema siku moja kinu kidogo cha atomu kitakaa pale, gari litembee maili elfu tano bila kusimama, kisha dereva aingie kituoni abadilishiwe kinu kama unavyobadilisha betri za tochi. Nani atakitengeneza hicho kinu? Hilo halikuwa swali la karakana yetu. Sisi tuliambiwa tufanye duara zipendeze, nazo zilipendeza.

Kabla sijaenda mbali, lazima niwaambie desturi ya karakana, maana ndiyo iliyonifikisha nilikofika. Mgeni akiingia kazini kwetu, wiki ya kwanza anatumwa kitu ambacho hakipo duniani. Mimi nilitumwa udongo wa mkono wa kushoto. Nilizunguka majengo manne. Kila nilipofika, mtu alikunja uso kwa heshima na kuniambia, "Aa, umeisha jana, jaribu kwa wapaka rangi." Jioni nilipogundua, karakana nzima ilinipigia makofi, na tangu hapo nikawa mtu wao. Sharti lilikuwa moja tu: hakuna kumwambia mgeni. Mwenyewe agundue. Anayemtonya anaonekana mchawi wa furaha za watu, na anaweza kula peke yake mwezi mzima.

Januari mwaka 1958 mfano wetu ulipelekwa kwenye maonyesho ya magari, na kwa sababu ya mdomo wangu nikachaguliwa kusimama kando yake na kujibu maswali ya watu. Nilivalishwa koti jeupe kama la daktari. Ole wao walionivalisha.

Siku ya tatu akaja mtu mwembamba, wa umri wa miaka hamsini na kitu, kofia ameishika mkononi kama yuko kanisani. Alilizunguka gari mara tatu. Halafu akanisogelea.

"Samahani, bwana mdogo. Hivyo vinu vitabadilishiwa wapi?"

"Kwenye vituo vya mafuta, mzee. Vile vitakavyowahi kujiandaa."

"Mimi ninacho kituo. Naitwa Delbert Kessinger, wa Marlow Corners, Ohio. Ni kidogo tu. Pampu mbili."

"Pampu mbili!" nikasema, nikaangalia kushoto na kulia kama mtu mwenye siri. "Mzee Kessinger, unajua tumekutafuta kiasi gani? Vile vikubwa havitufai. Vina kelele nyingi."

Mtu mwingine yeyote angecheka hapo. Huyu alitoa daftari mfukoni, akalamba ncha ya penseli.

"Kinu kitakaa wapi kikisubiri gari?"

"Shimoni."

"Shimo la kina gani?"

"Futi kumi na moja," nikasema. Aliandika taratibu, herufi kwa herufi, na nilipomwona anavyoandika, shetani akanikalia begani. "Na inchi nne," nikaongeza. "Usizidishe, usipunguze."

"Na inchi nne," akarudia, akapigia mstari.

Akanipa anwani yake. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanishukuru, akaenda zake huku akilitazama daftari lake.

Jumatatu nilikisimulia kisa hicho wakati wa chakula cha mchana, na watu waliangua kicheko hadi kahawa ikawatoka puani. Ennis Mabry, mchoraji wetu wa ramani, alifuta macho akasema, "Dudek, kazi nzuri hiyo huwezi kuiacha nusu. Mzee anahitaji mchoro." Akauchora palepale. Shimo, ngazi, kuta za zege za unene wa futi moja, mishale na vipimo kila upande. Tukaupigia chapa barua ya kuusindikiza kwenye karatasi yenye nembo, tukaweka na mhuri. Mhuri ulikuwa wa idara ya kupokea mbao, lakini ulikuwa na picha ya ndege tai, ukapendeza.

Mmoja tu hakucheka. Severino Bassani, mkuu wa wachongaji, aliyewahi kuchonga watakatifu wa makanisa huko kwao Italia kabla hajaja kuchonga bampa. Alikuwa anamenya yai.

"Huyu si wa kwetu," akasema.

"Ndiyo raha yenyewe, mzee!" Ennis akamjibu.

"Wa kwetu akigundua, tunacheka naye. Huyu akigundua atacheka na nani?"

"Mzee Severino, kula yai lako."

Akalila. Nasi tukaipeleka barua posta.

Delbert alijibu baada ya wiki moja. Barua yake ilikuwa safi, hakuna neno lililofutwa, na kila swali lilikuwa na namba. Je, ngazi iwe ya chuma au mbao? Je, mvua ikiingia shimoni ina madhara? Ennis aliisoma kwa sauti akiwa amesimama juu ya kiti, na tangu siku hiyo barua za Marlow Corners zikawa redio yetu ya mchana. Tulijibu zote. Kila mtu alichangia kipengele. Mmoja akasema ukuta upakwe chokaa mara tatu ili atomu zisichungulie nje. Mwingine akasema pasiwe na paka karibu. Paka tuliwaandika kwa kirefu sana.

Kipengele cha pampu kilikuwa changu. Niliandika kwamba petroli na atomu ni kama mke mkubwa na mke mdogo, haviwezi kukaa kiwanja kimoja, kwa hiyo kabla ya ukaguzi matenki na pampu viondolewe. Ennis alitoa ule mfano wa wake wawili akaweka maneno ya kiofisi. Laiti angeuacha! Pengine Delbert angeshtuka.

Mwezi wa nne ikaja barua fupi. Pampu zote mbili zimeng'olewa na kampuni ya mafuta imezichukua, pamoja na matenki. Yeye kwa sasa anaziba pancha na kuuza mikanda ya feni, na hali si mbaya, akaongeza, kwa sababu subira inahitajika kwa kila aliye wa kwanza.

Meza nzima ilicheka. Na mimi nilicheka. Ila mkate wangu niliuacha nusu, nikajiambia ni mkavu tu.

Halafu ikaja kadi, imeandikwa kwa wino wa bluu: Bwana na Bibi Kessinger wanayo furaha kumkaribisha Mhandisi F. Dudek kwenye uzinduzi, Jumamosi tarehe kumi na saba Mei, saa nane mchana. Kutakuwa na pai.

"Mhandisi!" Ennis akapiga meza. "Nenda, Dudek! Nenda ukamkague paka!"

"Naenda kumwambia," nikasema.

Ennis akashusha kadi.

"Kumwambia nini?"

"Kwamba ni utani."

Ennis aliniangalia kama nimetema mate kwenye supu yake. "Sharti unalijua. Ukimwambia, meza hii usiione tena."

Severino alifuta mikono. Alinisogezea funguo za gari lake, maana langu lilikuwa bovu. Lake nalo kipimo cha mafuta kilikuwa kinadanganya, lakini hilo nililijua baadaye.

Njia nzima nilikuwa natunga. Nisidanganye watu hapa. Sikuwa natunga namna ya kukiri, nilikuwa natunga namna ya kukwepa. Nitamwambia mradi umeahirishwa. Nitamwambia serikali imeuchukua, ni siri ya kijeshi, asimwambie mtu. Nitamwambia ni Warusi. Nilipovuka Toledo nilikuwa na uongo wa aina saba, wote mzuri, kila mmoja ukimwacha mzee na heshima yake na mimi na ngozi yangu. Nikachagua ule wa serikali. Nikaufanyia mazoezi kwenye kioo.

Marlow Corners ni njia panda, kanisa, duka la mbegu, kinyozi, na kituo cha Delbert. Kibao kipya kilikuwa juu ya paa, kimepakwa kwa mkono: ATOMU, CHA KWANZA OHIO. Pale pampu zilipokuwa zimesimama pamebaki mabaka mawili ya saruji mbichi. Watu kama arobaini walikuwa wamekusanyika, wengine na nguo za kanisani. Mke wake, Irma, mama mnene mwenye miwani, alikuwa nyuma ya meza iliyojaa pai za rubabu, mmea mchachu unaopikwa na sukari, anafukuza nzi.

"Ndiye huyu!" Delbert akapaza sauti. Alikuwa amefunga tai. "Jamani, mhandisi amefika! Niliwaambia atakuja!"

"Mdogo hivyo?" mwanamume mmoja akasema. Huyo alikuwa Clete, kinyozi, nilimjua kwa koti lake. "Delbert, mbona ndevu hazijaota? Au atomu zimezikausha?"

Watu wakacheka. Delbert naye akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea.

"Cheka tu, Clete. Mwakani utakuwa unanipigia honi."

"Nikupigie honi ya nini? Mafuta siku hizi nanunua kwa Haskett."

"Njoo, mhandisi," Delbert akanishika kiwiko. "Kabla ya hotuba, ukague kwanza."

Tukashuka kwa ngazi. Ya chuma, kama tulivyoandika. Nimeona kazi nyingi za mikono maishani mwangu, nimefanya kazi na watu wanaoweza kulainisha udongo hadi nzi ateleze. Sijaona kitu kama lile shimo. Kuta zilinyooka kama zimekatwa kwa uzi. Zimepakwa chokaa mara tatu. Kwenye kona alikuwa ameweka mfereji mdogo wa maji ya mvua, jambo ambalo hatukumwandikia. Alilifikiria mwenyewe.

"Pima," akasema, akanipa futikamba.

"Hakuna haja, mzee."

"Pima, nakuomba."

Nikapima. Futi kumi na moja na inchi nne. Hata unywele haukupungua.

"Futi kumi na moja zilikuwa rahisi," Delbert akasema. "Udongo tu. Kwenye kumi na moja kamili nikakuta mwamba. Jabali la chokaa, gumu kama moyo wa benki. Irma akasema, Delbert, inchi nne ni nini, waandikie uombe wakusamehe. Nikamwambia, hapana. Wale watu wamepiga hesabu. Inchi hizo zina sababu yake." Akanionyesha viganja. "Nyundo na patasi. Wiki tatu. Baruti niliogopa, isije ikapasua kuta."

Viganja vyake vilikuwa kama gome.

Ule uongo wa serikali ulikuwa umefika ulimini. Nikaangalia vile viganja, ukashuka tena tumboni.

"Mzee Kessinger," nikasema, "hakuna kinu."

"Najua, bado. Mliandika miaka miwili, mitatu."

"Hakuna kabisa. Hakuna anayekitengeneza. Lile gari uliloliona ni udongo na rangi. Ndani lina mbao."

Aliniangalia huku bado anatabasamu, kama mtu anayesubiri upande wa pili wa habari.

"Na barua?"

"Tuliziandika sisi. Karakanani. Wakati wa chakula."

"Ule mhuri wa tai?"

"Wa kupokelea mbao."

Juu yetu nilisikia Clete anawachekesha watu na Irma anamwambia anyamaze. Delbert aliegemea ukuta. Halafu akajitoa haraka akaangalia kama ameuchafua.

"Na zile inchi nne?"

"Nilizitunga, mzee. Nilitaka ionekane kama kuna mtu amepiga hesabu."

Akapitisha kidole kwenye chokaa. Swali lililofuata sikulitegemea.

"Mlikuwa wangapi?"

"Wapi?"

"Mliokuwa mnasoma barua zangu."

Nilitamani kusema watatu. "Kama kumi na wawili."

"Kwa sauti?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Irma alikuwa ananisomea kila moja kabla sijaituma. Ananisahihishia maneno. Nyingine nimenakili mara nne. Alisema unawaandikia wasomi, Delbert, asije mtu akakucheka."

Nikasema, "Nisamehe." Shimo lilikuwa na mwangwi, likanirudishia.

"Panda," akasema.

"Mzee, naweza kuwaambia kwamba serikali imeuchukua mradi. Nitasema vizuri. Wataamini. Utabaki na heshima yako."

"Wewe unataka nidanganye na mimi?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli. "Miezi minne nimewaambia hawa watu maneno yako nikiamini ni ya kweli. Leo nikayaseme nikijua si kweli? Panda. Useme wewe, kwa mdomo wako."

Nikapanda. Waliniwekea sanduku la soda nisimame juu yake. Nyuso arobaini. Mchungaji alikuwa na Biblia yake tayari. Nilifungua mdomo niseme ukweli, na huu mdomo wangu, uliozoea, ukafanya kazi yake.

"Ndugu zangu, hili ni shimo zuri kuliko yote Ohio. Lina kasoro moja tu. Hakuna cha kuweka ndani."

Walicheka! Walicheka wote, hadi mchungaji. Na Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi. Lile joto la kicheko lilinipanda shingoni, raha ileile ya meza ya chakula, na nikajiona niko karibu kuongeza kingine. Nikamwona Delbert amesimama kando ya ngazi, tai imepinda, hacheki.

"Si mzaha," nikasema. "Hakuna atomu. Mimi si mhandisi, mimi nachonga udongo. Nilimdanganya mzee Kessinger, na wenzangu wakanisaidia. Yeye hakukosea kitu. Alifanya kila alichoambiwa, tena kwa ustadi kuliko alivyoambiwa. Wa kuchekwa ni mimi."

Niliona kicheko kikifa usoni mwao, kimoja kimoja. Nikasubiri. Nilitaka wanitukane. Nilitaka mtu anirushie pai. Ningeilamba na kushukuru.

Clete ndiye aliyevunja kimya, lakini hakunitazama mimi.

"Delbert," akasema, "yaani uling'oa pampu zako kwa maneno ya huyu mtoto?"

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akakohoa. Halafu kikaanza, kwanza nyuma, kicheko cha kujizuia kinachotoka puani, na kikasambaa. Nilipaza sauti, "Nicheke mimi! Mimi ndiye!" Nikazidi kuwachekesha. Nilikuwa nimekiri kila kitu, neno kwa neno, na kukiri kwangu ndiko kulikowapa ruhusa waliyoisubiri miezi minne.

Irma alichukua kisu akaanza kukata pai. Alikata zote, vipande sawa, hakuinua kichwa. Watu wakapita mmoja mmoja kuchukua, wakisema asante mama Kessinger, na hakuna aliyeweza kumtazama, wakaondoka na pai zao kwenye karatasi. Mimi wa mwisho. Akanipa sahani.

"Kula. Umetoka mbali."

Nilikula nimesimama. Nilimaliza hadi makombo, kwa sababu kubakiza nisingeweza, na ilikuwa tamu, na hilo nalo lilinitia aibu.

"Mzee, nipe koleo," nikamwambia Delbert watu walipokwisha kuondoka. "Nitakaa hadi kesho, nitalifukia."

"Shimo langu usiliguse."

Gari la kijani likaingia kituoni, lina namba za Indiana. Baba, mama, watoto watatu nyuma. Dereva akachungulia akitafuta pampu. Delbert alitoa kitambaa mfuko wa nyuma, akaenda, akafuta kioo chote cha mbele, pembe kwa pembe, akiwaelekeza kwa Haskett kwa adabu kama anawauzia kitu. Yule baba akamshukuru. Likaondoka.

Nikaingia kwenye gari la Severino. Likakohoa, likazimika. Nikajaribu tena. Kipimo kilisema nusu tenki. Nilikaa mle ndani mikono juu ya usukani, nikijua tatizo ni nini, nikashindwa kushuka kwenda kulisema.

Sikuhitaji. Delbert alikisikia kile kikohozi cha gari kama daktari anavyosikia kifua. Alizunguka nyuma ya nyumba akarudi na debe dogo la petroli, lile la mashine yake ya kukatia nyasi. Akafungua kifuniko cha tenki akamimina lote, polepole, bila kumwaga tone. Nilisema, "Mzee, tafadhali," akaendelea kumimina. Kisha akapita mbele na kitambaa chake akaanza kufuta kioo. Tulikuwa tunatazamana kwa umbali wa kiganja, yeye nje, mimi ndani, na hakuharakisha. Alimtoa hadi mdudu aliyekauka pembeni.

"Hiyo itakufikisha hadi mjini Bowling Green," akasema dirishani. "Jaza hapo. Usipitie njia uliyojia, wanachimba barabara. Pale kanisani pinda kushoto."

Nilipofika kanisani, barabara ya kushoto ilikuwa ya vumbi, nyembamba, na haikuwa na kibao chochote. Nikakumbuka udongo wa mkono wa kushoto, na hata hivyo nikapinda kushoto.